Maji yanatuama kwenye baraza la zege uani na kuingia jikoni (Rau, Moshi): nivunje au nirekebishe?

Mwalimu Mstaafu, Rau

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wa watu wenye uzoefu wa ujenzi, kwa sababu nimeshasikiliza mafundi watatu na kila mmoja ameniambia jambo lake.

Nyuma ya nyumba yangu kuna baraza la zege lenye urefu wa mita 6 kando ya ukuta wa jiko na upana wa mita 4 kuelekea kwenye migomba. Jamvi, yaani bamba lenyewe la zege, lilimwagwa mwaka 2022. Tangu masika ya kwanza niliona maji yakituama karibu na mlango wa jiko, lakini yalikuwa machache na nilikuwa nikiyafagia. Masika ya 2024, ambayo sote tunakumbuka jinsi yalivyokuwa makali, maji yalipita juu ya kizingiti na kuingia ndani mara nne. Tangu hapo sehemu ya chini ya ukuta haikauki, rangi inabanduka kwa kimo cha goti, na ndani ya kabati la vyombo kuna ukungu. Dimbwi lenyewe hukaa siku nyingi hata mvua ikikatika, na mbu nimewaona wakitoka humo.

Fundi wa kwanza aliongeza tabaka la saruji na mchanga la sentimita 2 juu ya jamvi lote, akaniahidi kwamba limesawazika. Baada ya miezi michache lilianza kupasuka, na sasa ukiligonga kwa mpini wa jembe linatoa sauti ya uwazi. Wa pili anasema nivunje baraza lote na kumwaga upya. Wa tatu anasema nitoboe matundu kumi kwenye jamvi, nijaze kokoto, maji yashuke chini yenyewe. Mimi ni mstaafu, fedha niliyonayo inatosha kufanya kazi moja tu, na sitaki kuifanya mara mbili. Nyumba haina gata upande huo wa nyuma. Nifanye lipi?

Fundi wa Sakina, Arusha

Shikamoo Mwalimu, na pole kwa usumbufu huo. Nimefanya kazi ya zege kwa miaka mingi na ninakusihi usiruhusu mtu yeyote apige nyundo wala amwage saruji kabla ya kujibu maswali mawili: maji hayo yanatoka wapi, na yataelekea wapi yakishaondoka hapo. Mafundi wote watatu wamezungumzia jamvi tu, na hakuna hata mmoja aliyetaja paa.

Umeandika kwamba hakuna gata. Kama baraza lina mita 6 kwa 4, hizo ni mita za mraba 24. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 40 inaliletea baraza lako lita 960. Sasa pima upande wa paa unaomwaga maji huko nyuma. Kama nyumba ina urefu wa mita 12 na upande huo wa paa una upana wa mita 5, hizo ni mita za mraba 60, na mvua ileile inamwaga lita 2,400 juu ya baraza. Katika lita 3,360 zinazokusumbua, zaidi ya theluthi mbili zinatoka juu ya bati. Hakuna mteremko wa baraza utakaostahimili mzigo huo vizuri, nawe huna sababu ya kuubeba ilhali gata na bomba la kushushia maji vinaweza kuyapeleka kwenye tangi.

Jambo la pili ni kupima. Macho hayatoshi, na pima maji fupi ya futi mbili haitoshi pia, kwa sababu kosa la milimita 2 katika kila futi mbili hukua na kuwa zaidi ya sentimita 1 ukifika mwisho wa mita 4. Tumia mpira wa maji unaoonyesha ndani, wa mita 10, ujazwe maji pasiwe na hata povu moja la hewa. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kizingiti cha jiko, mwingine apeleke ncha ya pili kila pembe ya baraza, kwenye ukingo wa nje, kwenye bustani na hadi kwenye mtaro wa barabara kama upo, kwa kuhamisha kituo cha kupimia pale mpira usipofika. Andika tofauti ya kila sehemu na sakafu ya jiko. Ukiwa na namba hizo, swali la kuvunja au kutovunja litajibika kwa karatasi na kalamu.

Kipimo ninachokitumia ni mteremko usiopungua sentimita 1 kwa kila mita. Kwa upana wako wa mita 4, ukingo wa nje ungepaswa kuwa chini kwa sentimita 4 kuliko upande wa ukuta, na ningependa zaidi ziwe 5 au 6, kwa sababu zege lililosuguliwa kwa mkono halikosi vibonde. Vilevile uso wa baraza unapaswa kuwa chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hivi, ili matone yanayoruka yasilowanishe ukuta na dimbwi la dharura lisifike kizingitini.

Tabaka lililowekwa juu halikushikana na jamvi. Mara nyingi chanzo ni kwamba jamvi halikuchongwa likawa na makwaruzo, halikuoshwa vumbi, na tabaka lenyewe ni jembamba kiasi kwamba lilikauka kabla ya kukomaa. Hilo litatoka lote, upende usipende. Habari njema ni kwamba kwa kuwa halikushika, tindo na nyundo vitalibandua bila kuumiza jamvi.

Kuhusu mahali pa kuyapeleka, viwanja vingi nilivyofanyia kazi upande wa Sakina vina udongo unaokunywa maji haraka, nasi huchimba shimo la kunywea maji bustanini, umbali wa mita 5 au zaidi kutoka kwenye nyumba, tukalijaza mawe. Huenda likakufaa.

Mkazi wa Majengo, Moshi

Mwalimu, shikamoo. Mimi nitazungumzia matundu tu, kwa kuwa niliyatoboa.

Fundi niliyemtumia alitoboa matundu manane kwenye baraza langu, nayo kwa kweli maji yaliondoka juu ndani ya dakika chache, nikafurahi mwaka mzima. Mwaka wa pili jamvi lilianza kushuka upande mmoja, kisha ukapatikana ufa kwenye kona ya ukuta wa chumba cha nyuma. Fundi mwingine alipofungua alikuta kifusi kilichokuwa chini ya jamvi kimesombwa na kubaki pango ambalo mkono wangu uliingia hadi kiwiko. Maji yale hayakuwa yamekwenda mbali, bali yalikuwa yakitembea chini ya nyumba yangu, mahali nisipoyaona. Tafadhali usifanye hivyo, hasa kwa umbali mdogo kama huo kutoka kwenye msingi.

Jirani wa Rau Chini

Mwalimu, ninakaa si mbali na wewe, upande wa kuelekea msituni, na nina tahadhari moja kwa ushauri wa fundi wa Arusha, ambao kwa mambo mengine ninaukubali wote. Rau si Sakina. Msitu wetu umesimama kwa sababu ya maji ya ardhini yaliyo karibu, na mashamba ya mpunga ya huku chini yanaishi kwa maji ya mito ya Rau na Njoro. Katika viwanja vyetu vingi, wakati wa masika ukichimba kimo cha mtu unakutana na maji. Shimo la kunywea linalochimbwa mahali kama hapo hujaa kutoka chini kabla hata mvua haijaingia kutoka juu, na mwenye nyumba huwa amenunua kisima asichokihitaji.

Usiniamini kwa maneno, chimba ujaribu. Chagua mahali bustanini, chimba shimo la mita 1, lifunike usiku kucha, asubuhi uangalie. Kama ni kavu, mwaga maji ndani na uangalie yanashuka kwa muda gani. Kama umekuta maji, jibu umelipata, na itabidi maji ya baraza yaondoke kwa mteremko wa juu ya ardhi.

Ninaongeza neno kuhusu mteremko, kwa sababu nimekulia Uru kando ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga. Wazee wetu walileta maji kutoka korongoni hadi kwenye vihamba (mashamba ya migomba ya nyumbani) kwa mifereji ya udongo yenye mteremko mdogo mno, na hawakuwa na pima maji ya kioo. Waliyaacha maji yenyewe yaonyeshe, wakichimba hatua chache na kuyafungulia, kisha wakisahihisha palipozidi na palipopungua. Hata baraza linaweza kupimwa hivyo. Siku ya jua, mwaga ndoo mbili za maji karibu na ukuta na uchore kwa chaki mstari wa kuzunguka dimbwi linalobaki baada ya dakika kumi. Mchoro huo utakuonyesha vibonde ambavyo hata mpira wa maji unaweza kuviruka.

Mwalimu Mstaafu, Rau

Marahaba wanangu, na ninawashukuru kwa moyo. Nimechukua wiki nzima kufanya mliyoniambia, nikisaidiwa na mjukuu wangu wa kidato cha tatu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Tumeuchukua uso wa baraza karibu na ukuta kuwa sifuri. Sakafu ya jiko iko juu kwa sentimita 7 tu. Ukingo wa nje, kule kwenye migomba, uko *juu* kwa sentimita 2, maana yake baraza zima linainamia nyumbani. Kutoka mashariki kwenda magharibi kando ya ukuta kuna mteremko wa sentimita 1. Upande wa magharibi kuna uchochoro kati ya nyumba na uzio, unaofika mbele hadi kwenye mtaro wa barabara, mwendo wa mita 22 kutoka kwenye kona ya baraza. Sakafu ya mtaro huo iko sentimita 55 chini ya baraza langu. Upande wa nyuma wa paa ni mita 12 kwa 5, kama fundi alivyokisia.

Shimo la bustanini lilikuwa na maji asubuhi yake, yamefika sentimita 70 kutoka juu, ingawa masika yamekwisha wiki tatu zilizopita. Jirani yangu alisema kweli.

Chaki ilichora dimbwi moja kubwa lenye umbo la mtumbwi, likifuata mstari uleule ambao matone ya paa yamechimba vijishimo kwenye saruji.

Swali langu sasa ni hili. Je, siwezi kuongeza zege upande wa ukuta ili mteremko ugeukie nje, bila kuvunja chochote?

Fundi wa Sakina, Arusha

Mwalimu, umepima vizuri kuliko wengi wanaolipwa kwa kazi hiyo, na namba zako zimekwisha kulijibu swali lako. Ili maji yaelekee kwenye migomba, upande wa ukuta ungehitaji kuinuliwa angalau sentimita 6 juu ya ulivyo sasa: 2 za kufikia kimo cha ukingo wa nje na 4 za mteremko wenyewe. Sakafu ya jiko iko juu kwa 7. Ungebaki na kizingiti cha sentimita 1, na mvua ya upepo ingeingia ndani hata kama baraza lingekuwa na mteremko wa kupendeza. Kosa hili ninaliona mara nyingi, kwamba mtu anaongeza tabaka juu ya tabaka hadi baraza linafika kimo cha nyumba. Na kwa shimo la kunywea ninajirekebisha. Kwa kiwanja chako lisifikiriwe tena.

Kuvunja baraza lote na kulimwaga upya likiwa chini na likiinamia nje ndiyo njia iliyo safi kuliko zote, na kama fedha ingekuwapo ningekushauri hivyo. Kwa jamvi la sentimita 10 hizo ni mita za ujazo 2.4 za zege, takriban mifuko 16 ya saruji ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), pamoja na kokoto, mchanga, vibarua wa kuvunja na gari la kuzoa kifusi. Hata hivyo, maji ungekuwa unayapeleka kwenye migomba ambako ardhi imeshashiba.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Baada ya gata kufungwa, kata ukanda wa sentimita 50 kando ya ukuta wote wa jiko, mita 6. Ukatwe kwa grenda yenye kisu cha zege ili ukingo uwe nadhifu na jamvi linalobaki lisipasuke. Ndani ya ukanda huo jenga mtaro wa wazi, mpana na wenye umbo la sinia, uanze na kina cha sentimita 10 mashariki na kuishia na kina cha sentimita 16 magharibi. Hiyo ni sentimita 1 kwa kila mita. Wengine watakwambia uweke mfereji mwembamba wenye wavu juu. Ni mzuri kwa macho, lakini una upana wa kiganja, na majani machache ya mparachichi yanauziba wakati umelala. Mtaro mpana unafagiwa kwa ufagio wa kawaida, na hata ukiziba, maji hayana budi kuujaza wote na kuongezeka sentimita nyingine 7 ndipo yafike sakafuni kwako. Mbele ya mlango weka wavu wa nondo unaoinuliwa kwa mkono, urefu wa mita 1 na nusu.

Pembeni mwa mtaro, upande wa ukuta, piga plasta yenye dawa ya kuzuia maji hadi juu ya kimo cha baraza, na kati ya mtaro na ukuta acha nafasi ya sentimita 1 ijazwe lami, ili zege likitanuka kwa jua lisisukume nyumba.

Magharibi jenga chemba ndogo ya tofali. Bomba la inchi 4 litoke kwenye chemba likiwa sentimita 25 chini ya baraza, na sakafu ya chemba ishuke sentimita 10 zaidi, ili tope libaki humo badala ya kuingia bombani. Kwa mita 22 bomba litashuka sentimita 22 na kutokea kwenye mtaro wa barabara likiwa sentimita 47 chini ya baraza, yaani sentimita 8 juu ya sakafu ya mtaro huo. Nafasi ni ndogo ila inatosha. Hata mvua kali ya milimita 100 kwa saa inaleta lita zisizofika 2.5 kwa sekunde kutoka kwenye paa na baraza kwa pamoja, na bomba hilo kwa mteremko huo linabeba zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho.

Baraza lililobaki linainamia mtaro tayari, ila mteremko wake ni sentimita 2 kwa mita 4, ambao ni mvivu. Bandua lile tabaka lililokufa, chonga jamvi lote liwe na makwaruzo, lioshe, liloweshe usiku mmoja, paka uji mzito wa saruji, na kabla uji haujakauka weka tabaka jipya la saruji na mchanga mkavu wa chembe kubwa, 1:3, likiwa na unene wa sentimita 2 na nusu kwenye ukingo wa mtaro na 5 kwenye ukingo wa nje. Hapo utapata zaidi ya sentimita 1 kwa kila mita. Likate viungo kila mita 2, lifunike kwa magunia, na magunia hayo yaloweshwe asubuhi na jioni kwa siku saba kamili. Fundi akikwambia siku mbili zinatosha, mwambie angoje.

Jirani wa Rau Chini

Ninakubaliana na mpango huu, na nina mawili ya kuongeza. Kwanza, mtaro wa barabara za mitaa uko chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), kwa hiyo pita ofisini kwao kabla ya kutoboa ukuta wa mtaro. Usishawishike kuunganisha maji ya mvua kwenye bomba la majitaka au kwenye shimo la choo; shimo litajaa kwa mvua moja, na kitakachorudi juu si maji ya mvua tena. Pili, uliza majirani maji ya mtaro huo hufika kimo gani masika yakichachamaa. Kama hujaa hadi juu, mdomo wa bomba utazama na maji yatasita kutoka.

Mwalimu Mstaafu, Rau

Nimeuliza. Mama wa duka la kona, ambaye ameuona mtaro huo kwa miaka kumi na tano, anasema hujaa nusu, na kwamba mwaka 2024 ulijaa mara moja kwa muda wa saa moja hivi kwa sababu ya taka zilizoziba karavati.

Nimekwisha kuagiza gata na nitaanza nayo. Tangi la lita 2,000 ninalo, lilikuwa likikaa bure. Je, niweke kila kitu mwezi huu, au nifunge gata kwanza na kungoja? Na ukuta niupake rangi lini? Binti yangu anakuja Desemba na ningependa aukute umependeza.

Fundi wa Sakina, Arusha

Mwalimu, funga gata sasa, na bomba la kufurikia la tangi lielekezwe mahali patakapokuwa na chemba, kwa kuwa mvua ya milimita 40 italijaza tangi hilo na kubaki na lita 400. Kazi ya mtaro na tabaka la juu ifanywe Julai au Agosti, wakati hakuna mvua na jua la Moshi halijawa kali, ili zege lipate kukomaa bila kukimbizwa. Ukimaliza, kabla hujamlipa fundi fedha ya mwisho, rudia jaribio la ndoo na chaki mbele yake.

Ukuta usiupake rangi kwa sasa. Bandua plasta yote iliyolowa, hadi sentimita 30 juu ya mstari wa unyevu, na uyaache matofali wazi yapumue. Yamekunywa maji kwa zaidi ya masika moja na hayatakauka kwa wiki mbili. Yakikauka kufikia Novemba, piga plasta mpya na uipe mwezi mmoja kabla ya rangi. Yasipokauka, Desemba binti yako ataukuta ukuta una kiraka cha matofali, na ni vema iwe hivyo kuliko kuufungia unyevu ndani kwa rangi mpya. Kabati la vyombo lisogeze mbali na ukuta kuanzia leo.

Mwalimu Mstaafu, Rau

Kabati limeshasogezwa. Nitaleta vipimo vipya hapa baada ya jaribio la ndoo.